Vishimo Vitatu vya Msabaha

Msabaha mwana wa Mwinyimvua hakuzaliwa fundi, wala hakukaa darasani kusomea ufundi. Alizaliwa Bagamoyo, mtaa wa Dunda, mtoto wa mwisho wa mama aliyekufa akimnyonyesha, akalelewa na dada yake Mwaija. Mwaija wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, bado anacheza kombolela jioni. Alimbeba mgongoni mpaka mashamba ya chumvi ya Nunge, akamlaza kwenye kivuli cha kibanda, kisha akaingia matopeni na wanawake wenzake kukwangua chumvi. Kitoto kikilia, yeyote aliye karibu alitoka na mikono yake myeupe akakitia kidole mdomoni. Ndiyo maana, Mwaija alipenda kusema, Msabaha hata umtilie sukari vijiko vitano chai huiona chapwa.

Alikua mrefu na mwembamba, mwenye kuinamisha kichwa kila apitapo mlangoni, hata mlango uwe wa msikiti. Maneno yake yalikuwa machache. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba nguzo za simu kule Msata. Baadaye alichimba mitaro ya kebo mjini Dar es Salaam, na hapo fundi mmoja mzee, Mhindi aliyekuwa karibu kustaafu, akamwona kijana asiyekimbia jua. Akamfundisha kuchuna gamba la madini ya risasi juu ya kebo, kutenganisha nyaya za ndani, kuziunga na kumimina lami ya moto juu yake pasibaki tundu la kupita hata jasho. Akamfundisha na adabu ya kazi: fundi hasimulii anachokizika mpaka kipimo kisome. Msabaha, ambaye hata bila kufundishwa hakuwa msimulizi, alilishika neno hilo kama aya.

Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi ya fundi na kulipwa kama mchimbaji. Kwenye daftari la kazi aliandikwa mtu wa sururu. Vijana waliokuja na vyeti walimuuliza yeye namna ya kuunga, akawaonyesha, kisha wao wakaandikwa mafundi. Hakulalamika. Mwaija ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, tena kwa sauti, sokoni.

Mwaka wa sabini na moja ulimkuta Mwaija pabaya. Alikuwa ameolewa na Salumu miaka kumi na minane, nyumba yao ameikandika kwa mikono yake mwenyewe, kuta zote nne. Asubuhi moja, akifagia, alikuta chini ya kizingiti kitambaa kimefungwa, ndani yake chumvi na makaa. Majirani wakatikisa vichwa. Hazikupita siku arobaini, Salumu akaleta karatasi, akaiweka juu ya kinu bila kukaa kitako. Mwaija hakujua kusoma. Alimpelekea mwalimu wa chuoni, akasomewa mbele ya watoto kwamba ameachwa. Mwezi uliofuata, ndani ya kuta zile nne akaingia Tabia, mke mpya, na hakuna aliyemuuliza Mwaija kama ana neno.

Msabaha alimfuata alikokuwa amejihifadhi kwa shangazi.

"Dada, nimepelekwa kisiwani. Tunatia taa kiwanja cha ndege. Kambini tunapikiwa uji wa kuungua kila siku."

"Mpishi wenu ni nani?"

"Hatuna mpishi."

"Basi uji nani anauunguza?"

Msabaha akatazama chini. "Mimi."

Mwaija akafunga mzigo wake, akachukua na gunia la chumvi ya Nunge kwa ajili ya kukaushia samaki, wakavuka.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, jiwe tupu la matumbawe limefunikwa mchanga. Kiwanja cha ndege kilikuwa uwanja mrefu wa majani ambao ndege iliweza kutua mchana tu. Mgonjwa akizidiwa jioni, alingoja asubuhi, na wengine hawakuingoja. Sasa serikali ilitaka taa pande zote mbili, na banda la jenereta, na kebo ya kutoka huku mpaka kule. Wanaume wa kisiwani waliajiriwa kuchimba mtaro. Jiwe lilitoa cheche kila walipopiga sururu, nao walilitukana kwa matusi ambayo Mwaija alijifanya hayasikii, akayaweka akiba.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikafika kwenye ardhi. Mafundi huita hivyo zile fimbo ndefu za shaba zinazopigwa chini ya udongo na kufungwa waya, ili umeme ukipotea njia uwe na pa kukimbilia, usimkimbilie mtu. Lakini umeme haukimbilii pakavu. Mkaguzi kutoka Dar es Salaam, Bwana Abdala, alikuwa na kisanduku cha kuzungusha kwa mkono ambacho husema fimbo imeshika au haikushika. Naye alikuwa amempa Msabaha ahadi: "Kipimo kikisoma chini ya kumi, mimi mwenyewe nitakuandika fundi. Kikizidi, nitaleta fundi mwingine, na wewe utarudi kwenye sururu. Tusilaumiane." Mkaguzi angekuja kwa ndege siku ya Jumatano.

Mwaija aliyajua hayo yote, kasoro jambo moja. Hakujua fimbo hushikishwa kwa kitu gani.

Asubuhi ya Jumanne, wanaume wakiwa mwisho wa kiwanja, aliingia stoo ya jikoni akatoka na uso umekunjamana. Jikoni alisaidiwa na mjane mmoja wa kisiwani aliyeitwa Mgeni, mwanamke mchangamfu asiyeweza kuchambua mchele bila kuimba.

"Mgeni, chumvi iko wapi?"

"Si hiyo hapo nyuma ya mlango, dada?"

"Lililopo nyuma ya mlango ni gunia. Mimi nakuuliza chumvi."

Mgeni akachungulia. "Ala. Juzi lilikuwa zaidi ya nusu."

"Na makaa?"

"Makaa siyajui. Kwetu tunapikia kuni."

"Sikukuuliza kwenu mnapikia nini."

Mgeni akanuna, akaacha kuimba. Mwaija akabeba ndoo ya maji machafu kwenda kuyamwaga nyuma ya banda la jenereta, na huko akasimama kama aliyepigwa kofi. Palikuwa na vishimo vitatu vilivyofukiwa karibuni. Juu ya kila kimoja kimekaa chungu kipya, nusu yake kimezama mchangani, kitako kimetobolewa. Akainama, akachimba kwa vidole. Makaa. Akachimba tena. Chumvi, mabonge makubwa ya Nunge ambayo angeyatambua hata gizani. Katikati imesimama fimbo, ncha yake ikimeta.

Akamwita Mgeni. Mgeni aliishia kwenye kona ya banda.

"Dada, hapo mimi sisogei. Kitu kama hicho huwekwa na mtu anayetaka mwenye kazi asiimalize."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mwaija alikuwa hajamaliza hata eda ya huzuni yake. Mwaka mmoja chumvi na makaa chini ya kizingiti chake. Mwaka uleule chumvi na makaa kwenye kazi ya mdogo wake, tena siku moja kabla ya kuandikwa fundi. Na chumvi yenyewe imeibwa jikoni kwake, ili imle mwenyewe. Mara ya kwanza alilia. Safari hii hakuona sababu ya kulia.

Alijifunga kanga kiunoni, akasoma Ayatul Kursiyyu mara tatu, akashika jembe. Alifukua kishimo cha kwanza mpaka kwapani, cha pili, cha tatu. Aliazima karai la Mgeni, akabeba makaa na chumvi safari sita mpaka ufukoni, akavimwaga majini kwa mkono wa kushoto bila kugeuka nyuma. Fimbo za shaba alizivuta zikakataa. Akazitemea mate akaziacha. Akajaza vishimo kwa mchanga safi mkavu wa pwani, akarudisha vyungu kama vilivyokuwa, ili mchawi asijue kwamba amekwisha julikana. Kisha akaoga, akapika wali wa nazi na papa, akampakulia Msabaha sahani iliyofurika.

"Leo kuna nini, dada?"

"Kula. Kesho utanishukuru."

Msabaha akala. Hakuuliza, maana hakuwa mtu wa kuuliza. Kama angekuwa mtu wa kuuliza, au wa kusema, hadithi hii isingekuwapo.

Bwana Abdala alishuka kwenye ndege Jumatano asubuhi, mtu mfupi mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alikagua kebo, akakagua taa, akapigapiga kwa kidole maungio ya kebo aliyoyaunga Msabaha, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachuchumaa nyuma ya banda, akafunga nyaya za kisanduku chake, akazungusha mkono.

"Mia moja na arobaini."

Msabaha akadhani amesikia vibaya. "Zungusha tena, mzee."

Akazungusha. "Mia moja na arobaini. Msabaha, hapa umezika fimbo au umezitundika hewani?"

Msabaha akapiga magoti, akakiondoa chungu cha kwanza, akatia mkono. Ulitoka na mchanga mweupe mkavu uliopita katikati ya vidole kama unga. Akaenda cha pili. Cha tatu nacho kilikuwa vile vile.

"Kuna mtu amenifukulia," alisema.

Wachimbaji waliokuwa wamesimama kutazama wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Usitutazame sisi, fundi," mmoja wao alisema. "Sisi tunachimba tunakoambiwa."

"Lakini mimi jana nimeliona karai la Mgeni pale ufukoni," akasema mwingine. "Jeusi tititi kwa makaa."

Macho yote yakamwelekea Mgeni, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko na ungo mkononi. Bwana Abdala alivua miwani. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwenye haraka, na haraka na haki havilali kitanda kimoja.

"Huyu mwanamke aondoke kambini leo hii. Mali ya serikali si ya kuchezea."

Mgeni alimtazama Mwaija, mara moja tu, kisha akauweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mgeni angerudi kijijini kwake, hatua mia nne, na Msabaha angepewa huruma, pengine na muda. Lakini Mwaija aliijua ladha ya kuhukumiwa umesimama bila kuulizwa kama una neno, na hakutaka kumlisha mtu mwingine.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi."

Msabaha akageuka. "Wewe, dada?"

"Mimi. Nilijua wamekuzikia."

"Nani anizikie mimi?"

"Ningejuaje? Wewe unasema? Unaniibia chumvi nikiwa kwenye mkeka wa swala, unaizika na makaa, unaweka na chungu kilichotobolewa juu yake, kisha unataka nijue hiyo ni kazi ya serikali?"

Mchimbaji mmoja alikohoa. Wa pili akacheka, na kicheko kikawapitia wote, hata Mgeni akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Bwana Abdala alikuwa hajaelewa. Alieleweshwa na watu watatu kwa wakati mmoja, akaelewa polepole, akarudisha miwani usoni.

"Na hiyo chumvi sasa iko wapi?"

"Baharini," Mwaija alisema. "Imerudi kwao."

"Gunia zima?"

"Sikubakisha. Uchawi haubakizwi."

Bwana Abdala alitazama saa. "Ndege inanirudisha kesho adhuhuri. Nitapima asubuhi, mara ya mwisho. Nasikitika, Msabaha. Kipimo hakijui dada wala kaka."

Watu wakatawanyika. Msabaha alikwenda kukaa juu ya gurudumu kubwa la kebo lililokuwa limebaki tupu, mikono yake yenye makovu ya lami imening'inia katikati ya magoti. Mwaija akamfuata, akakaa upande wa pili.

"Unajua nimengoja miaka mingapi?" Msabaha aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Kumbe unajua."

"Nguo zako alikuwa akifua nani?" Akamgeukia. "Nikupigie magoti?"

"Ukipiga magoti nitakuinua, na mgongo unaniuma."

Mwaija alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, akayafuta kwa hasira kama mtu afutaye masizi. Kisha akauliza alichopaswa kuambiwa siku nyingi.

"Chumvi inafanya nini humo chini?"

Msabaha alitazama huku na huku, kana kwamba yule mzee wa Kihindi yuko nyuma ya banda anasikiliza. Akasema. Udongo mkavu haupitishi umeme. Udongo wenye majimaji ya chumvi unapitisha. Chumvi huvuta unyevu, makaa huushika, na chungu ni cha kutilia maji kila siku.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Basi mbona umechimba hapa palipokauka kama kisigino?"

"Ramani imeonyesha hapa."

"Aliyechora ramani alikanyaga hapa na viatu au bila viatu?"

Mwaija akasimama, akavua ndara zake, akamwashiria amfuate.

Kila alfajiri, akienda kisimani, alipita kwenye bonde dogo nyuma ya banda, hatua themanini hivi kuelekea mikoko. Hapo ardhi ilikuwa na ukoko mweupe mwembamba ambao jua likipanda hupotea, na miguu yake ilikuwa imeutambua kabla ya macho. Miaka yote ya Nunge ilikuwa ndani ya nyayo zile. Alitembea pole, akisimama, akirudi, mpaka akafika mahali akakanyaga mara mbili. Akachota udongo kidogo akauweka ulimini.

"Chimba hapa. Maji makali hayako mbali. Mungu amekwisha itia chumvi mwenyewe, wewe usijisumbue na gunia."

Msabaha akachimba. Mkono haujazama wote, maji yakaanza kujichuja kutoka pembeni, ya rangi ya chai. Akayaonja. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, meno yote.

"Dada, haya hayana uchapwa."

Walibaki na fimbo mbili za akiba na waya wa shaba wa kutosha. Wachimbaji waliitwa, nao walikuja kwa kasi ambayo hawajawahi kuionyesha wakiwa kwenye malipo ya serikali, kwa sababu jambo lilikuwa limegeuka kuwa la kusimuliwa na kila mtu alitaka awe ndani yake. Mgeni alileta makaa kutoka kwa jirani yake mhunzi, karai kichwani.

"Nilete na vyungu vilivyotobolewa?" aliuliza. "Au leo tunaroga bila vyungu?"

"Lete mdomo wako ukae kimya," Mwaija akamjibu, kisha akampokea karai, akalishusha chini, na kabla hajainuka akamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Mgeni. Nilikukawilia."

"Ulikawia kidogo tu," Mgeni alisema. "Nilikuwa nimekwisha hesabu nguo zangu."

Jua lilizama fimbo zikiwa zimekaa na mtaro umefukiwa.

Asubuhi Bwana Abdala aliifuata njia mpya ya waya mpaka bondeni, akilinganisha na ramani yake na kuguna. Akachuchumaa. Akazungusha. Akazungusha tena bila kuambiwa.

"Nne," alisema. Alimtazama Msabaha juu ya miwani. "Nani kakwambia uhamie huku?"

"Dada yangu. Ameikwangua chumvi maisha yake yote."

Bwana Abdala alimtazama Mwaija kwa muda, kwa heshima ya kweli, akampa na mkono. Kisha akaitoa fomu, akaandika. Aliandika kwamba chumvi ya bonde lile itaila shaba, kwa hiyo fimbo zikaguliwe kila mwaka. Aliandika kwamba kazi imepokelewa. Chini kabisa akaandika Msabaha Mwinyimvua, fundi. Jina la Mwaija halikuandikwa popote. Fomu ilikuwa na mstari wa fundi na mstari wa mkaguzi. Wa dada haikuwa nao. Alipolijua hilo alisema tu kwamba majina mengi yameandikwa mahali pasipostahili, lake halitakufa kwa kukosa wino.

Taa zikawashwa. Mwezi haukwisha, ndege ilitua jioni ikamchukua mwanamke aliyeshindwa kujifungua, na wiki mbili baadaye alirudi na mtoto.

Msabaha aliendelea kuwa fundi mpaka alipozeeka, na hata alipokuwa fundi mkubwa alibaki na aibu yake ya kuinama milangoni. Alibadilika jambo moja: kila alichokizika alimsimulia mtu kwanza. Na kila alipopelekwa mahali papya, Mapinga au kwingineko, hazikupita siku nyingi kabla hajatuma salamu Bagamoyo kwamba dada aje aone udongo.

Mwaka mmoja utingo wa lori alifika mlangoni kwa Mwaija, akaamkia, akapokelewa, akasema, "Fundi Msabaha anakuita Lugoba. Anasema kipimo kimekataa."

"Lugoba hakuna bahari," Mwaija alisema. "Udongo wa kule siujui hata rangi. Nikienda nitaonja nini?"

"Nilimwambia hivyo hivyo, mama. Amesema uje tu."

Mwaija akamwacha utingo asimame juani kwa muda wa kutosha kuonyesha kwamba yeye si mtu wa kuitwaitwa. Kisha akaenda kutafuta buibui lake zuri.